Kununua nyumba: Dalali ni wakala wa nani?

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, nyumba ni ununuzi wa mara moja maishani. Fedha zake hukusanywa kwa miaka: akiba ya mshahara wa baba, faida ya genge la mama, mchezo wa kupeana, pengine na fungu la urithi lililotoka kijijini. Fedha zinapotimia, mtu wa kwanza kuitwa huwa ni dalali. Nasi tulio katika kamati za misikiti, ambao waumini hutufuata watakapo mashahidi wa mkataba, huulizwa mara kwa mara: je, tumtumie dalali au tutafute wenyewe?

Kwanza ieleweke kwamba udalali wenyewe si kazi ya haramu. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu kuhusu ujira wa dalali, akataja wanazuoni wa mwanzo, wakiwemo Ibn Sirin na Ataa, ambao hawakuona ubaya ndani yake. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kazi hiyo Madina, akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, na akawausia wachanganye biashara yao na sadaka, kwa kuwa mauziano huingiwa na upuuzi na viapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza kama dalali anafaa, uliza anamfanyia kazi nani, na kwa ujira gani.

Tuchukulie mwenye nyumba huko Chanika anataka shilingi milioni 38. Dalali anamwambia mnunuzi kuwa bei ni milioni 45 na haipungui. Mnunuzi anatoa 45, mwenye nyumba anapokea 38, na milioni 7 zinabaki kwa dalali. Hicho ndicho kinachoitwa cha juu. Baada ya hapo dalali anadai ujira kwa muuzaji, kisha kwa mnunuzi. Ili hesabu hiyo isifichuke, ni lazima wenye shauri wasikutane wakazungumza. Ndipo husikika kwamba mwenye nyumba yuko safarini, au kwamba ukionana naye atapandisha bei. Ukisikia maneno hayo, elewa kwamba aliyesimama kati yenu si wakala wako, wala huenda si wakala wa muuzaji. Ni wakala wa nafsi yake.

Mafakihi walilijadili jambo hili zamani. Mwenye mali akimwambia dalali auze kwa kiasi fulani na kitakachozidi kiwe chake, Ibn Abbas hakuona ubaya, na wanazuoni wa Kihanbali wakaruhusu. Wengine wengi walikataa, kwa hoja kwamba ujira haujulikani. Lakini hitilafu yao inahusu ziada ambayo mwenye mali anaijua na ameiridhia. Ziada inayopatikana kwa kumdanganya mwenye mali au mnunuzi ni hiana, na hapo hakuna hitilafu.

Mfano bora wa wakala mwaminifu ni Sahaba Urwa al-Bariqi. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Akapata wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Ustadi wa Urwa katika bei ulimnufaisha aliyemtuma, si mfuko wake.

Wapo wanaomhitaji dalali kwa haki: mgeni wa mji, mfanyakazi aliyeko Muscat, mjane asiye na mtu wa kumzungushia mitaa. Dalali hujua nyumba inayouzwa bila kibao na familia inayotaka kuhama. Huyo apatane naye mapema, kwa maandishi: kiasi maalumu cha fedha badala ya asilimia, kwani anayelipwa asilimia hufaidika bei ikipanda, ujira ulipwe mkataba ukishasainiwa, na kama anapokea pia kwa muuzaji, pande zote mbili zijue. Lakini anayetafuta nyumba katika mtaa anaouishi au wa jirani, ambako anamjua mjumbe, imamu na wazee wa eneo, aanze na hao. Huenda asimhitaji dalali kabisa.

Hata ukimtumia, yapo mambo manne usiyomwachia.

La kwanza ni umiliki. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki na kama haikuwekwa rehani. Kama ina leseni ya makazi, thibitisha jina na muda wake. Kama ina karatasi za mauziano tu, nenda serikali ya mtaa, kisha uwaulize majirani wa pande zote. Maandishi ya "nyumba hii haiuzwi" tunayoyaona kwenye kuta za mji huu hayakuandikwa kwa mapambo. Matapeli wamewahi kuuza nyumba za watu wakiwa ndani wamelala.

La pili ni mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Zungumza na mke mwenyewe, naye atie saini. Kama muuzaji ana wake wawili, ujue ni nani anayeishi humo.

La tatu ni mirathi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si na kaka mkubwa kwa ukubwa wake. Uliza kuhusu mabinti, hata walioolewa mbali, na yatima. Fungu lao limo katika kuta hizo, na mkataba wa dalali haulifuti. Uliza pia kama nyumba si wakfu, kwa kuwa wakfu si mali ya warithi kuiuza.

La nne ni fedha. Zipite benki hadi kwenye akaunti ya mmiliki, mkataba ukiwa umeandaliwa na mwanasheria. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeagiza kuandika deni na kuweka mashahidi katika mauziano; usimpe dalali arbuni mkononi kwa kuaminiana. Na ukiwa na shaka juu ya bei, wapo wathamini waliosajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016. Mlipe mmoja wao aikague nyumba. Ada yake huenda ikawa ndogo kuliko cha juu.

Tena, nenda ukaione nyumba bila dalali, pamoja na mkeo, kwa kuwa ndiye atakayeijua jikoni na kisimani. Nenda siku ya mvua za masika, utazame maji yanapopita. Bonde la Msimbazi limetufundisha vya kutosha. Keti msikitini kwa swala moja, uwasikilize watu wa mtaa. Dalali anaweza kukuonyesha nyumba, lakini jirani utamtafuta mwenyewe, na wahenga wa Kiarabu walisema jirani hutangulizwa kabla ya nyumba.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za halali tangu msingi hadi paa, na asimwache yatima yeyote akidai haki yake nje ya mlango tulioununua.