Jabali Jeusi Lisilo na Rangi Nyeusi

Septemba 1886 Claude Monet alivuka kwenda Belle-Île, kisiwa kilichoko nje kidogo ya pwani ya Brittany, Ufaransa. Alikusudia kukaa wiki mbili hivi. Bahari ya Port-Coton ikamshika zaidi ya miezi miwili, akachora turubai karibu 40. Majabali ya huko ni meusi, yamechongoka kutoka majini, na mawimbi ya Atlantiki hayayapi nafuu.

Lakini sogelea picha zenyewe uutafute huo weusi. Utakuta zambarau, buluu, kijani na damu ya mzee, mburuzo juu ya mburuzo.

Maelezo ya jambo hilo yalianzia kwenye nyuzi. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, ambako watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akazipima, hazikuwa na kasoro. Zilizoziharibia sura ni rangi za jirani. Kitabu chake cha 1839 kilionesha kuwa jicho hutia chumvi tofauti ya rangi zinazopakana. Weka rangi ya chungwa kando ya buluu, zote mbili zitawaka. Ndivyo zambarau iliyokoza, ikipakana na povu, inavyosomeka kama kiza cha mwamba.

Povu la pichani nalo lina kemia yake. Mafuta ya kitani yanayobeba rangi hayakauki kama nguo kambani. Huvuta oksijeni ya hewani, molekuli zikashikana kuwa utando mgumu, na rangi nene huweza kuchukua miezi. Ukipaka nyeupe juu ya buluu mbichi, zinavurugana na povu linakuwa tope. Subiri tabaka la chini likauke, kisha pitisha brashi yenye rangi kidogo, kwa wepesi: itagusa vilele vya matuta ya rangi iliyokauka tu, buluu ichungulie katikati. Hapo maji yanachemka kweli. Ila tabaka la juu lizidi la chini kwa mafuta. Likitangulia kuwa gumu huku la chini bado linajongea, litapasuka.

Matuta yenyewe hudumu kwa sababu rangi nzito hulegea inaposukumwa na brashi, ikiachwa ikashika umbo. Kila tuta lina kivuli chake kidogo, nacho huhama taa ikihamishwa. Picha zilizochapwa kitabuni hazina hilo, hata zikichapwa vizuri namna gani.