Yasuke na Ugomvi wa Michezo ya Video
Anayefungua leo tovuti ya kuchambua michezo ya video, awe Kitale au Bungoma nchini Kenya, ambako kwenye vibanda vya michezo hiyo anayefungwa humpisha mwenzake na ambako mchezo wa kandanda wa EA Sports FC bado huitwa FIFA ingawa jina hilo liliachwa mwaka 2023, huingia katika ugomvi ulioanzia mbali. Mwezi Agosti 2014 ilizuka Gamergate, kampeni ya mtandaoni iliyojidai kutetea maadili ya uandishi, lakini ambayo kwa sehemu kubwa iliwaandama kwa matusi na vitisho wanawake wanaotengeneza na kuchambua michezo hiyo. Malumbano yalichacha tena mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilipomtangaza Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 na baadaye kumtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga, kuwa mmoja wa wahusika wakuu wawili wa mchezo wa Assassin's Creed Shadows. Kwa kuwa Yasuke hudhaniwa kuwa alitoka Msumbiji, upande huu wa Afrika, mchambuzi wa Kenya ana haki ya kulizungumzia suala hili kama la kwake, mradi akumbuke kwamba kifungu cha 27 cha sheria ya Kenya ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 kinaharamisha unyanyasaji wa mtandaoni.