Padri, askofu, pasta: nani huwaweka?

Twazikana na jirani zetu Wakristo na kualikana sikukuu, lakini wengi wetu Waislamu wa Pwani tunadhani viongozi wao wote hupatikana kwa njia moja. Sivyo.

Kwa Wakatoliki, padri husoma falsafa na teolojia miaka isiyopungua sita, huwa shemasi kwanza, kisha askofu humwekea mikono. Muumini anayejua kizuizi chake hutakiwa aseme mapema. Askofu naye huteuliwa na Papa. Ndivyo Martin Kivuva alivyopewa Jimbo Kuu la Mombasa mwaka 2014. Waanglikana wa Kenya hupiga kura: mwaka 2016 walimchagua Jackson Ole Sapit kuwa askofu mkuu.

Njia ya tatu ni ya mtu kusema ameitwa na Mungu, akaanzisha kanisa lake. Wengi wao ni watu wema, lakini mara nyingi hakuna aliye juu yao wa kuwaambia basi. Mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo vya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, aliongoza kanisa aliloanzisha mwenyewe.

Kwa hivyo naona swali ni hili: nani aliyemweka, na nani awezaye kumwondoa? Hata sisi, kwa maimamu wetu, latufaa.