Pesa ya chakula cha kondoo dume itumwe lini?

Wengi wetu hapa Kilburn tukituma pesa ya kununua Dorper dume, tunahesabu bei ya mnyama na usafiri wa kumfikisha Kajiado, basi. Chakula? "Nyasi zipo." Hapo ndipo hesabu inaharibika.

Kondoo dume mchanga habalehe kwa umri tu, uzito ndio unamsukuma zaidi. Akikosa protini anadumaa, korodani zinabaki ndogo na mbegu zinakuwa chache. Unaweza kulisha mnyama wa mwaka mzima na hakuna jike lililoshika mimba. Tena mbegu huchukua kama wiki 7 kutengenezwa, kwa hivyo kumlisha vizuri wiki ile ya kupandisha ni kuchelewa. Mimba nayo ni miezi 5. Ukitaka wana wazaliwe Desemba, mvua za vuli zikiwa zimeotesha nyasi za mama zao, dume apande Julai na pesa ya chakula iwe imefika mwanzo wa Mei. Ndio, Mei ileile ya karo ya muhula wa pili. Itenge mapema.

Lakini asishindiliwe nafaka. Akinenepa sana, mafuta kwenye mfuko wa korodani yanazuia joto kutoka na mbegu zinaharibika. Nafaka nyingi pia huleta mawe yanayoziba mkojo, na hayo yanaua. Nyasi nzuri, mashudu ya alizeti kiasi, maji safi, na dawa ya minyoo, maana Dorper hahimili minyoo kama kondoo mwekundu wa Kimaasai.

Chumvi ya madini iwe ya kondoo. Ile ya ng'ombe ina shaba nyingi, inaweza kumuua.