Vifaa vya kupandia miti: Faida ipo kwenye mkanda, hatari ipo kwenye daraja

Wafanyabiashara na wenye mitaji midogo wanaofikiria kuagiza mikanda ya kupandia miti kutoka Ulaya na Marekani hawana budi kuangalia kipande kimoja kidogo kabla ya kuulizia bei ya mkanda mzima. Kipande hicho ni daraja, yaani kamba au utepe mfupi unaopita mbele ya kiuno cha mpandaji, pamoja na vyuma vinavyofungwa juu yake.

Sababu ni ya usalama na ya biashara kwa pamoja. Fundi anaponing'inia juu ya mti akikata matawi, uzito wake hupitia kwenye daraja hilo. Ndilo linalosuguliwa siku nzima, na mara nyingi ndilo linalohitaji kubadilishwa mapema kuliko mkanda wenyewe. Kwa hiyo muuzaji anayelielewa atapata mteja anayerudi dukani. Asiyelielewa anaweza kuuza pete ya bei ndogo itakayomgharimu mteja maisha yake, na yeye mwenyewe jina lake la biashara.

Daraja ni nini

Mikanda ya aina ya zamani ilikuwa na pete moja iliyokaa katikati ya kiuno. Mpandaji akigeuka upande, mkanda wote ulivutwa nao ukambana mapajani. Watengenezaji wakabuni daraja: ncha zake mbili hukaa kulia na kushoto mbele ya mkanda, na pete huteleza juu yake kumfuata mpandaji kila anapoegemea. Kazi ikawa nyepesi, lakini ule mtelezo ndio unaokula nyuzi.

Katika mikanda mingi ya kisasa daraja hufunguliwa na kubadilishwa bila kutupa mkanda. Petzl ya Ufaransa, kwa mfano, huuza daraja la mkanda wake wa Sequoia kama kipuri. Hapo ndipo soko la vyuma vidogo lilipozaliwa: pete za mviringo, pete zinazozunguka ili kamba isijisokote, pete za kufungua kwa skrubu, na karabina za kila namna.

Namna ya kufunga chuma kwa usalama

Kanuni ya kwanza ni kufuata kitabu cha maelekezo cha mkanda wenyewe. Kila mtengenezaji huonyesha kwa michoro ni sehemu zipi zinabeba mtu na ni vyuma gani vinaruhusiwa. Vitanzi vya pembeni vya kuning'inizia msumeno na zana nyingine havikutengenezwa kubeba mtu. Mpandaji mwenye haraka anaweza kuvidhania ni sehemu ya kujifunga, na muuzaji mwaminifu humwonyesha mteja tofauti hiyo kabla ya kupokea fedha.

Kanuni ya pili inahusu umbo la chuma. Kinachokaa juu ya daraja kinatakiwa kiwe laini, cha mviringo, kisicho na ukingo mkali wala mikwaruzo. Chuma chembamba hukandamiza nyuzi mahali pamoja, na chenye kovu huzikata kama msasa. Kamba inayotembea haipitishwi moja kwa moja juu ya daraja, kwa kuwa nyuzi za nailoni zikisuguana kwa kasi hupata moto na kuyeyuka. Ndiyo maana kati ya kamba na daraja huwekwa chuma.

Kanuni ya tatu ni kutofautisha pete na karabina. Karabina imetengenezwa kuvutwa kwa urefu wake, pande mbili tu. Ikivutwa pande tatu kwa mpigo, au ikigeuka na kuvutwa kwa upana, nguvu yake hushuka sana. Karabina yenye uwezo wa kilonyutoni 22 kwa urefu, sawa na uzito wa takriban kilo 2,240, inaweza kuwa na uwezo wa kilonyutoni 7 tu kwa upana, yaani kama kilo 700. Pete ya mviringo haina mlango, na hupokea mvuto wa pande nyingi. Fundi anayetaka kufunga vifaa viwili mbele yake huhitaji pete inayokubaliwa na mtengenezaji, kisha kila kifaa kipate karabina yake.

Kanuni ya nne ni namna ya kuingiza pete. Pete isiyofunguka huingia kwa kufungua ncha moja ya daraja. Ncha hiyo lazima irudishwe kama mchoro unavyoonyesha, iwe inashikwa na fundo, skrubu au kizuizi kingine. Pete ya skrubu hukazwa kwa zana na kwa nguvu iliyotajwa na kiwanda, na hukaguliwa kila kabla ya kupanda. Daraja la kufunga kwa mafundo nalo halitengenezwi kwa kamba yoyote iliyopo dukani, bali kwa ile iliyotajwa kwa aina, unene na urefu.

Mwisho ni majaribio. Baada ya kubadilisha chochote, mpandaji huning'inia karibu na ardhi, hujigeuza kulia na kushoto, na kutazama kama mlango wa karabina unagusana na mkanda, pete au tawi. Mlango unaosukumwa kila mara unaweza kujifungua.

Alama ambazo mnunuzi wa jumla anatakiwa kuzisoma

Kwa bidhaa za Ulaya, vifaa vya kuzuia kuanguka viko katika kundi la tatu, lile la hatari kubwa, chini ya kanuni namba 2016/425 iliyoanza kutumika Aprili 2018. Alama ya CE katika kundi hilo hufuatwa na tarakimu nne zinazotaja taasisi inayosimamia ubora wa uzalishaji. Alama ya CE peke yake, bila tarakimu hizo, ni sababu ya kutosha ya kusimamisha malipo na kuuliza. Pamoja na CE, mkanda wa kukalia hutajwa kwa kiwango cha EN 813, mkanda wa kujishikiza kazini EN 358, na viunganishi EN 362.

Kwa upande wa Marekani, kiwango cha ANSI Z133 kinachohusu kazi za miti kinataka karabina ya kupandia ijifunge yenyewe, isifunguke mpaka mtumiaji afanye vitendo viwili vya makusudi vinavyofuatana, na iweze kubeba pauni 5,000, ambazo ni karibu kilo 2,270. Karabina ya kuning'inizia funguo inaweza kufanana nayo kwa macho, lakini haina maandishi ya nguvu kwenye mwili wake, au imeandikwa wazi kwamba si ya kupandia. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili huwashawishi wengi, na ndiyo inayopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi.

Mali inayolala hupoteza umri

Jambo jingine ambalo mwenye duka anaweza kulisahau ni tarehe ya kutengenezwa. Petzl huweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa kwa bidhaa zake za nguo na plastiki, hata kama hazikuchakaa. Vyuma havina ukomo wa namna hiyo, ingawa hutupwa vikiharibika au vikipata mshtuko mkubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mfanyabiashara akiagiza mikanda 6 mipya na kuuza miwili kwa mwaka, miwili ya mwisho itatoka kabatini ikiwa imekaribia miaka 3. Mnunuzi atabaki na miaka 7 hivi ya matumizi, na akijua kusoma lebo atadai punguzo. Fedha iliyowekwa kwenye pete na karabina hailiwi na kalenda kwa namna hiyo. Kwa mwenye mtaji mdogo, busara ni kuweka mikanda michache, vyuma vya kutosha, na kuagiza madaraja kulingana na aina ya mikanda ambayo wateja wake wanayo tayari.

Kwa sababu hizo hizo, biashara ya mitumba haifai hapa. Mkanda uliotumika hauelezi uliangukiwa na nini, ulimwagikiwa na mafuta gani, wala daraja lake lilibadilishwa na nani. Nchini Uingereza, kanuni za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998 zinataka vifaa vinavyonyanyua watu vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6, na ripoti iandikwe. Mtumba usio na karatasi hizo ni bidhaa isiyo na historia.

Kumbukumbu za mauzo nazo ni mali. Mwaka 2013 Petzl ilitaka wateja waache kutumia kifaa chake cha Zigzag, ambacho mpandaji hukifunga mbele ya mkanda kwa karabina, na kukirejesha baada ya nyufa kuonekana kwenye viungo vyake. Muuzaji aliyekuwa na daftari la namba za bidhaa na majina ya wanunuzi aliweza kuwatafuta wote. Asiyekuwa nalo alibaki kusubiri habari, njema au mbaya.

Nani atanunua

Wanunuzi wa kulengwa ni makampuni yanayokata matawi karibu na nyaya za umeme, majengo, hoteli na barabara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo anayelipa mara nyingi ni kampuni, na kampuni huhitaji ankara, cheti na kitabu cha maelekezo ili iviweke kwenye faili lake.

Kabla ya kutuma fedha, mwagizaji anashauriwa kumtaka msambazaji alete mambo manne kwa maandishi: tamko la kulingana na viwango kwa kila bidhaa, tarehe ya kutengenezwa, orodha ya vyuma vinavyoruhusiwa kwenye daraja la mkanda husika, na bei ya daraja la akiba. Msambazaji asiyeweza kujibu la tatu hajui anachouza, na bei yake ya chini isimvutie mtu.