Moshi wa Nyaya na Amana ya Watoto Wetu

Jioni moja aliingia chuoni mtoto wa miaka kumi, macho mekundu, nguo zanuka mpira ulioungua. Nilipomwuliza atokako, alijibu: "Maalim, twachoma nyaya tupate shaba ya kuuza, ninunue daftari." Nilitaka kumkemea. Mara nikakumbuka kwamba wiki ile ile nilimpa mpita njia anunuaye chuma chakavu televisheni yangu ya chogo, wala sikumwuliza aipeleka wapi.

Huku kwetu Temeke, kama kule Kinondoni, vyombo vya umeme vilivyokufa vyazidi. Televisheni za chogo zimezipisha zile bapa, na simu hazidumu. Duniani kote, mwaka 2022 zilipatikana tani milioni 62 za taka hizi; katika kila tani mia, hazikutimia 23 zilizojulikana kuwa zimeshughulikiwa ipasavyo.

Madhara yake ni haya. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na moshi wa nyaya huchukua sumu ziitwazo dayoksini. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza. Na mabingwa wa afya hawakuona kiasi chake kisicho na madhara. Basi sisi walimu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, yatupasa tuulize avuta hewa gani.

Wala raia si mnyonge. Wenyeji wa Tabata walilishitaki jaa la taka mwaka 1988, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Wale wa Kunduchi Mtongani nao walishitaki mwaka 1991, wakashinda. Leo ipo Sheria ya Mazingira ya 2004, na kanuni za 2021 zihusuzo taka hizi hasa. Lakini sheria haiingii uani kwetu kuzima moto.

Kwa hiyo, enyi wazazi, chombo kinachotengenezeka kipelekeni kwa fundi. Kilichokufa kabisa, mpeni mkusanyaji mwenye kibali. Msivunje chogo, wala msichome nyaya: shaba hupatikana pia kwa kuchuna ganda kwa kisu. Na mtoto akihitaji daftari, tumnunulie.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Udhia huu tumeuweka sisi wenyewe. Basi ni juu yetu kuuondoa.