Kwa nini theluji mpya ni hatari kwa watelezaji

SIKU inayofuata usiku wa theluji nzito ndiyo inayosubiriwa kwa hamu kubwa na wapenzi wa mchezo wa kuteleza milimani. Foleni za kupanda viti vya nyaya huanza asubuhi na mapema. Ndiyo pia siku ya kuogopwa.

Januari 10, 2024, theluji iliporomoka Palisades Tahoe, California nchini Marekani, palipofanyika Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1960. Mlima wa KT-22 ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa msimu huo. Mtu mmoja alifariki dunia, na zaidi ya watu 100 walishiriki katika utafutaji.

Theluji hulala kwa matabaka. Tabaka jipya, hasa lililorundikwa na upepo, likikaa juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja hutosha kulikata, na bamba zima likateremka. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo mibaya zaidi. Iliyo mikali kupita hapo huwa haishikilii theluji nyingi.

Kwa sababu hiyo, walinzi wa mlima hulipua baruti alfajiri ili theluji iporomoke kabla wateja hawajafika. Wateja, ambao tiketi zao si rahisi, hunung'unika wakikuta njia za juu bado zimefungwa. Lakini theluji iliyoporomoka ikitulia hukaza mithili ya saruji, na aliyefukiwa asipotolewa ndani ya dakika 15 hivi, uwezekano wake wa kupona hushuka haraka kwa kukosa hewa.